UZI: Dubu alitufuata hadi hemani Alaska, kisa soksi ya dagaa sambaza (na suruali yangu)

Mtoto wa Ukara

Wakuu, habari za muda huu. Mnivumilie, uzi ni mrefu na naandika kwa simu nikiwa mapumziko ya zamu ya usiku, kwa hiyo nitaukata vipande.

Kwa wasionijua, kwetu ni Ukara, kile kisiwa kilichopo kaskazini mwa Ukerewe. Nimekulia kwenye mtumbwi. Sasa naishi Anchorage, Alaska, mwaka wa sita huu, napakia mizigo. Waswahili huku tupo, tena si haba: wengi ni ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi, halafu Wakenya, halafu sisi wachache. Kinachotukutanisha ni samaki. Ukishatimiza miezi 12 Alaska unahesabika mkazi, leseni ya kuvua unaipata kwa bei ya mkazi, na kiangazi mito inajaa samoni wekundu wamebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Mtu wa ziwani utamzuia na nini?

Agosti iliyopita tulipanga watu watatu kwenda kuvua porini kabisa, siyo kando ya barabara. Mimi, jamaa mmoja Mkenya wa upande wa Homa Bay (humu nitamwita Omena, yaani dagaa kwao, maana ndicho chakula chake), na kaka mmoja wa Bukavu ambaye wote tunamwita Mzee Sambaza ingawa hajafika miaka 40.

Gari tuliliacha Cooper Landing, kama kilomita 160 kusini mwa Anchorage. Hapo inaanza njia ya miguu ya Resurrection Pass, inakata milima mpaka kimji cha Hope, kilomita 60 na ushee. Sisi shida yetu ilikuwa Ziwa Juneau, kama kilomita 15 ndani. (Siyo Juneau makao makuu ya jimbo, huko hata barabara ya kutoka Anchorage haifiki.) Ziwa lina trauti, maji yake baridi hata ukinawa vidole vinauma.

Mizigo: hema mbili, sufuria, unga wa ugali, fimbo za kuvulia, pipa moja la plastiki gumu la kufungia chakula ambalo sisi tunaliita ndoo ya dubu, na kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu. Kopo moja, watu watatu. Tulichangishana mafuta ya gari mpaka senti ya mwisho, halafu kwenye kopo la pili tukasema "ya nini, tutakuwa pamoja".

Na kulikuwa na mzigo ambao mimi sikuujua. Mzee Sambaza alikuwa ametumiwa sambaza wakavu na dada yake, kama nusu kilo, za Ziwa Kivu kabisa. Akazifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia ndani ya soksi, soksi akaiweka kwenye begi lake. Kwenye ndoo ya dubu hakuziweka, maana alisema zitanukisha unga wetu.

Naendelea baada ya chai.

Mpwa wa Shangazi

Chai ndiyo hii hii unayotupa hapa mkuu. Mtu wa Ukara anakwenda kuvua Alaska na Mkongo na Mkenya, imebaki Mganda tu. Ila endelea, nimeshavuta kiti.

Kanyaga Twende

Naweka kambi hapa. Mimi ni mpishi wa safari, miaka 11 sasa naenda Serengeti na Ngorongoro. Hiyo soksi imeshanitia wasiwasi kabla hujafika mbali.

Mtoto wa Ukara

Nimerudi.

Njia ya kupanda tulikwenda vizuri. Tuliongea kwa sauti muda wote, kila kona tunapiga kelele, maana dubu anayeshtukizwa ni mbaya kuliko dubu mwenye njaa. Vile vikengele wanavyofunga watalii kwenye mabegi havisaidii kitu. Sauti ya mtu ndiyo anayoijua na kuikwepa. Karibu na maporomoko unapaza zaidi, kwa sababu maji yanameza sauti. Omena aliimba nyimbo za kanisani kilomita nne mfululizo. Kama kuna dubu alikuwa karibu, alihama wilaya.

Kufika ziwani kuna sehemu rasmi za kupiga hema. Sisi tukaona watu, tukasema tutafute pwani yetu. Tukapata pazuri mno: tambarare, nyasi zimelala, na kijia chembamba kinafuata ukingo wa maji.

Sasa niambieni, mtu mzima wa Ukara, akiona nyasi zimelala na kijia kinaingia majini, anajiuliza nini? Kwetu mtoto wa darasa la pili anajua huo ni mkondo wa kiboko, na hakuna anayetandika mkeka hapo hata umlipe. Mimi nikapiga hema katikati. Nadhani kichwani mwangu dubu alikuwa bado ni yule mdoli wa pamba anayevaa tai. Kiboko namheshimu kwa sababu nimezika majirani. Dubu nilimuona kwanza kwenye blanketi la mtoto.

Jioni trauti walikula vijiko vyetu (vile vyambo vya chuma) vizuri. Wengi tuliwarudisha majini, tukabaki na wa kula tu, kadiri leseni inavyoruhusu. Nikawapasua mimi, kwenye gogo, kama hatua 20 kutoka kwenye hema. Matumbo nikayatupa pale pale ukingoni, kina cha kifundo cha mguu. Mikono nikajifuta kwenye suruali, paja la kulia, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Tukapika ugali hapo hapo, tukala, tukanawa. Chakula kikaingia kwenye ndoo, ndoo tukaipeleka mbali, kama hatua 100. Hapo tukajiona wataalamu.

Baridi ilikuwa kali. Nililala na ile suruali.

Kanyaga Twende

Eh. Suruali tena.

Wakuu ambao hamjalala porini: pale Seronera kambi za umma zina majiko yaliyozungushiwa nondo na nyavu. Wageni wakifika wanauliza kama ni jela ya zamani. Nawaambia ndiyo, ila wafungwa ni sisi wapishi, fisi na nyani wako huru nje. Usiku mmoja mgeni aliacha viatu vya ngozi mlangoni mwa hema. Asubuhi tulipata kisigino kimoja. Fisi hakuwa na ugomvi na mtu, alinusa jasho na ngozi akaona ni chakula. Kwangu sheria ni moja: ulipopikia usilale, na nguo ya kupikia hailali na wewe.

Mama Watatu MN

Mimi niko Minnesota, kila Julai tunakwenda Boundary Waters, pori la maziwa, na mitumbwi, mimi na wanangu. Kule ni dubu weusi tu, wadogo kuliko hao wa kahawia walioko Alaska, lakini chakula wanakipenda vile vile. Tangu 2024 ni amri: ama chakula kiwe kwenye chombo kisichofunguliwa na dubu, ama ukining'inize futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka shina la mti. Kuning'iniza kunachekesha ukiwa unaangalia wengine. Mwaka wa kwanza tulitupa kamba saa nzima, jiwe likarudi likamgonga mume wangu. Sasa tunakodi hayo mapipa.

Na msiyaamini sana hayo mapipa nayo. Milima ya Adirondack, New York, alikuwepo dubu jike wakimwita Yellow-Yellow, mdogo tu wa mwili, akajifunza kufungua mapipa ya kampuni moja kwa meno, akibonyeza kile kibanio kama mtu. Kampuni ikaongeza kibanio cha pili, akafungua na hicho.

Mpwa wa Shangazi

Huyo dubu ni fundi simu wa Kariakoo. Mkuu lete usiku.

Mtoto wa Ukara

Usiku.

Mimi na Omena tulikuwa hema moja, Mzee Sambaza hema yake peke yake, kwa sababu anakoroma. Hilo mliweke akilini.

Kama saa 9 usiku niliamka, nikasikia pumzi. Nzito, inavuta ndani, inanusa, kama ng'ombe anayenusa pumba. Omena naye yuko macho. Akaninong'oneza, "Huyo mzee leo anakoroma vibaya." Nikacheka kidogo.

Kisha mkoromo ukahama. Ukatoka upande wa ziwa, ukaja upande wa miguu yangu.

Kitambaa cha hema kikaingia ndani. Kitu chenye joto kikanigusa juu ya goti la kulia, pale pale nilipojifutia samaki, kikavuta pumzi ndefu. Sikusogea. Wakuu, sijui kuwaelezea, mwili haukuwa wangu. Lile doa la ute lilikuwepo kwenye kitambaa mpaka asubuhi, upana wa kisosi.

Akaondoka. Hatua kumi hivi, taratibu. Halafu tukasikia hema ya pili ikichanika, sauti kama muuza duka anavyopasua doti ya kanga, chwaaa, mara moja tu. Na sauti ya Mzee Sambaza, siyo ya woga, ya hasira kabisa:

"Iko inakula sambaza yangu!"

Alitokea upande wa pili wa hema na chupi na sufuria, anagonga sufuria kwa kijiko cha chuma, anatukana kwa lugha nne. Mimi nikashika kopo la pilipili. Kile kibanio cha usalama nilikuwa sijawahi kukitoa hata siku moja, nikakihangaikia gizani na vidole vya baridi, Omena ananimulika machoni na tochi ya kichwani. Kikatoka. Nikafungua zipu, nikamuona: mgongo, tena kile kigongo cha mabegani cha dubu wa kahawia, kama mita tano. Nikabonyeza.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Wingu la rangi ya machungwa likaenda mbele kidogo, likasimama kama limesahau kitu, likarudi.

Wazee walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Mimi sasa nina jibu. Tulilia watu wazima watatu, tunakohoa, tunatambaa, hakuna anayeona. Dubu sijui alipata kiasi gani. Alipiga chafya, moja, kubwa, tukasikia vichaka vinavunjika anakwenda. Na soksi yake.

Omena na Ugali

Ndio mimi huyo wa tochi 😂 Kwanza nikanushe, sikumulika macho yake kwa kupenda, aligeuka. Pili amesahau kuwaambia kwamba hatukulala tena hadi kukapambazuka, tulikaa mgongo kwa mgongo tumeshika sufuria. Mzee Sambaza kila baada ya dakika kumi anauliza, "Harudi?" Nani angemjibu.

Sheikh Pweza

Salaam kutoka Muscat. Kwa hiyo watoto walipomcheka Elisha na wale dubu wawili wa kwenye Biblia hawakuwa na sufuria? Samahani, nimesoma shule ya misheni Tanga. Swali langu la kweli: Afrika hatujawahi kuwa naye huyu mnyama?

Msomaji wa Zamani

Alikuwepo, kaskazini, milima ya Atlas. Aliisha karne ya 19.

Mleta uzi, kisa chako kina ndugu yake mkubwa, na hakichekeshi. Hifadhi ya Glacier, Montana, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1967. Wasichana wawili, kila mmoja miaka 19, waliuawa usiku mmoja na dubu wawili tofauti, sehemu mbili tofauti za hifadhi ile ile. Kabla ya hapo hifadhi ilikuwa imekaa tangu 1910 bila mtu kuuawa na dubu. Watu wakatafuta sababu za ajabu, radi, joto, nini. Lakini sehemu ya kwanza, Granite Park, mabaki ya jikoni yalikuwa yanamwagwa nje na watalii wanakaa kuangalia dubu wakija kula kila usiku. Sehemu ya pili ni ziwani, Trout Lake, watu wa kuvua kama ninyi, na dubu mmoja aliyekonda alikuwa anafukuza watu na kula vyakula vyao tangu mwanzo wa kiangazi. Walalamikaji walikuwepo. Hakuna kilichofanyika. Baada ya usiku ule ndipo mambo ya takataka kwenye hifadhi za Marekani yakabadilika.

Mzaramo Halisi

Maneno mengi. Bunduki hakuna huko? Mnapelekaje makopo ya pilipili kwa simba, yaani kwa dubu? Na kwanza simba angemla huyo dubu asubuhi tu.

Mtoto wa Ukara

Msomaji, asante. Hicho kisa nilikijua baadaye, na kilinikosesha raha zaidi ya usiku wenyewe.

Mzaramo, la simba waachie watoto. La bunduki nakujibu. Bunduki huku zipo mpaka zimezidi, na wavuvi wengi wanatembea nazo. Ila mwaka 2008 watafiti, Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao, walitoa hesabu ya matukio 83 ya dawa ya pilipili Alaska, ya miaka 1985 hadi 2006. Kwa dubu wa kahawia ilizuia zaidi ya mara 9 kati ya 10, na karibu watu wote waliokuwa na kopo walitoka bila hata mkwaruzo. Kulenga wingu ni rahisi kuliko kulenga risasi kwenye kitu kinachokuja kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na zaidi. Upepo ndio ujanja, kama mlivyoona. Na msije mkapulizia hema kama dawa ya mbu, ikikauka harufu yake inawaita.

Halafu sheria ya Alaska iko hivi: unaweza kumuua dubu kujilinda, lakini ngozi na fuvu ni mali ya jimbo, unavipeleka mwenyewe na kuandika maelezo. Na kama ulimvuta wewe kwa kuacha chakula au takataka ovyo, hiyo siyo kujilinda tena. Kwa maana hiyo, ningekuwa na bunduki usiku ule nikampata, mwenye kesi ni mimi.

Namalizia.

Kulipokucha tulikwenda kwenye mchanga kuangalia nyayo. Kuna namna: unachora mstari chini ya vidole. Dubu mweusi vidole vyake vimepinda kama upinde, mstari unakata kidole cha pembeni. Wa kahawia vidole vimepangana karibu sawasawa, mstari unapita chini bila kugusa, na kucha zinachoma mbali sana mbele. Omena alichora kwa kijiti. Mstari ulipita safi. Mzee Sambaza akaweka kiganja chake ndani ya unyayo wa nyuma, akakitanua, na bado mchanga ukabaki pande zote. Hakusema kitu.

Nyayo zilikuwa nyingi. Zinakuja na kijia, zinakwenda kwenye gogo langu, zinazunguka palipokuwa na matumbo ya samaki, ambayo hayakuwepo tena, ndipo zinapanda kwetu. Zilikuwepo na za zamani pia, zimekauka, kijia kile kile. Sisi ndio tulikuwa tumelala sebuleni kwake.

Ile ndoo ya dubu kule mbali? Haikuguswa. Hata hakwenda upande huo.

Tulitoka siku ile ile, kilomita 15, macho yamevimba. Tulipofika tukatoa taarifa kwa watunza msitu. Mama mmoja mwenye sare hakucheka hata kwenye sehemu ya chupi na sufuria. Aliuliza mambo mawili: amekula nini, na samaki mliwapasulia wapi. Akaandika. Akatuambia matumbo yanatupwa kwenye maji mengi yanayokwenda au yenye kina, siyo ukingoni. Chini kule mtoni, pale Russian River inapoingia Kenai, ambako watu wanasimama bega kwa bega kuvua, utaratibu ni mkali zaidi: begi lako liwe ndani ya futi 3 kutoka ulipo, samaki uliowavua ndani ya futi 12. Kisha akasema dubu huyo sasa amejifunza kwamba hema ina chakula, na akirudia kwa watu wengine huenda akapigwa risasi.

Mzee Sambaza alikuwa ameketi nyuma ya gari safari nzima ya kurudi, kimya, mtu ambaye huwa hanyamazi. Karibu na mjini akasema tu, "Basi miye ndiye nitakuwa nimemuua. Na sambaza za dada yangu."

Hatukumjibu. Matumbo yalikuwa yangu.

Mama Watatu MN

Pole kwake. Swali la mama: akiingia hemani kabisa mnajifanya mmekufa au mnapigana? Wanangu wanaulizana hapa.

Mtoto wa Ukara

Mama, kujifanya umekufa ni kwa dubu wa kahawia uliyemshtua, labda ana watoto, anajilinda: akikugusa unalala kifudifudi, begi mgongoni, mikono nyuma ya shingo, miguu umeipanua asikupindue, unatulia mpaka aondoke kabisa. Mweusi akikushambulia unapigana, unalenga pua na macho. Na yeyote anayekuja hemani usiku, awe mweusi au wa kahawia, huyo hajashtuliwa, amekuja kutafuta. Unapigana kwa chochote. Kukimbia hapana, kwa wote. Wafundishe na kutoa kibanio cha kopo macho yakiwa yamefumbwa, makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili yanauzwa.

Kanyaga Twende

Mnarudi mwaka huu?

Mtoto wa Ukara

Likizo tumeshaomba, wote watatu, ziwa lile lile, ila sehemu rasmi na makopo matatu. Mzee Sambaza ndiye aliyepiga simu ya kwanza. Anataka kujua kama kuna habari yoyote ya dubu huyo. Nimeuliza, hakuna aliyetoa taarifa nyingine mpaka msimu unafungwa.

Mpwa wa Shangazi

Nafuta kauli ya chai. Suruali iko wapi?

Mtoto wa Ukara

Imefuliwa mara tatu, iko kwenye kamba barazani. Shemeji yenu anasema bado inanuka, haiingii ndani.